Nyimbo za Kijapani Zilizonifunza Kupumzika Nikiwa Peke Yangu

Mji wa Hachioji uko magharibi mwa Tokyo, mahali ambapo uwanda wa jiji unakwisha na milima inaanza, na ndiko nilikoishi miaka yangu ya masomo ya uzamili. Jioni, vipaza sauti vilivyofungwa juu ya nguzo mitaani hupiga wimbo mfupi wa watoto uitwao "Yuyake Koyake". Miji mingi ya Japani ina desturi kama hiyo, kwa kawaida saa kumi na moja jioni, na mapema zaidi katika majira ya baridi. Kazi rasmi ya vipaza sauti hivyo ni kutoa tahadhari ya tetemeko la ardhi, mafuriko na maafa mengine, kwa hiyo wimbo wa jioni huthibitisha kila siku kwamba mitambo ni mizima, na papo hapo huwaambia watoto walio viwanjani kwamba wakati wa kurudi nyumbani umefika. Watu wa Hachioji wana sababu ya ziada ya kuupenda wimbo huo, kwa kuwa Nakamura Uko, aliyeandika maneno yake mwaka 1919, alizaliwa katika kijiji cha mlimani ambacho leo ni sehemu ya mji wao. Kusakawa Shin aliutungia muziki mwaka 1923. Hata treni inapokaribia kuondoka katika stesheni ya Hachioji, abiria huagwa kwa mahadhi hayo hayo.

Maneno ya wimbo ni machache. Jua linazama, kengele ya hekalu la mlimani inalia, basi tushikane mikono sote turudi nyumbani, turudi pamoja na kunguru. Ubeti wa pili unakuja wakati watoto wameshaondoka: mwezi mkubwa wa mviringo unachomoza, na ndege wadogo wanapoanza kuota ndoto, nyota za dhahabu zinametameta angani. Niliupenda ubeti huo wa pili kuliko wa kwanza, kwa sababu unaueleza uwanja uliobaki bila mtu na hauoni ubaya wowote katika hali hiyo. Mimi nilikuwa mmoja wa watu wanaorudi kwenye chumba kisicho na wa kuwapokea, baada ya kushinda maabara nikizungumza lugha ambayo ilikuwa bado nzito mdomoni, na wimbo ule ulinipa fununu ya jambo ambalo nimelishikilia tangu hapo. Nyimbo za Kijapani zinazotuliza kweli hazimkatazi msikilizaji kuhuzunika. Zinaikubali huzuni, zinaipa kipimo, kisha zinaifikisha mwisho, na mtu anayezisikiliza akiwa peke yake anapata nafasi ya kuwa kama alivyo bila kudaiwa uchangamfu.

Sehemu ya siri hiyo imo katika muziki wenyewe, na wanakwaya wetu waliofunzwa kuimba kwa do na re wataielewa haraka. Chukua do, re, mi, fa, so, la, ti, kisha ondoa fa na ti. Zinazobaki ni sauti tano, na kati yake hakuna mbili zinazokaribiana kwa nusu sauti, yaani hatua fupi kabisa kati ya sauti mbili. Katika ngazi kamili, yaani mpangilio wa sauti zote saba, fa huvutwa kushukia mi, na ti huvutwa kupandia do, na mvuto huo ndio unaomweka msikilizaji katika hali ya kusubiri jambo fulani litimie. Ukiuondoa, mahadhi yanaweza kutua karibu popote bila sikio kulalamika. Watunzi wa Japani wa mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, walipokuwa wakiandika nyimbo za shule na za watoto kwa kuchanganya muziki wa Ulaya na ladha ya kwao, waliipenda mno ngazi hiyo. Ipo ngazi nyingine, ya zamani zaidi, inayosikika katika nyimbo nyingi za koto, ala ya nyuzi 13 inayolazwa sakafuni. Hiyo nayo ina sauti tano, ila imeziweka humo nusu sauti, na ndiyo inayotoa ule uchungu mwembamba ambao wageni wengi huutambua mara moja kuwa ni wa Kijapani. Nilijifunza mapema kutofautisha hizo mbili. Ya kwanza naitumia kumaliza siku ngumu. Ya pili naisikiliza nikiwa nimeshatulia, kwa sababu inamtaka mtu awe na nguvu kidogo.

Jambo lingine linamhusu hasa mzungumzaji wa Kiswahili, nami nashangaa kwamba halisemwi mara kwa mara. Kijapani kina irabu tano zile zile tulizolelewa nazo, na karibu kila silabi yake huishia kwa irabu, isipokuwa pale inapofungwa na n. Maana yake ni kwamba mtu wa kwetu anaweza kuimba wimbo wa Kijapani kwa matamshi yanayokubalika muda mrefu kabla hajaweza kuagiza chakula kwa lugha hiyo. Wimbo unapokuwa wa taratibu, irabu ya mwisho wa kila mstari hurefushwa, na mwimbaji hulazimika kutoa pumzi kidogo kidogo hadi mstari ukamilike. Kutoa pumzi polepole hupunguza kasi ya mapigo ya moyo. Hilo ni jambo la mwili, wala halitegemei kupenda au kutopenda muziki. Kwa sababu hiyo sikuishia kusikiliza. Niliandika maneno kwenye daftari kwa herufi za hiragana, nikayaimba kwa sauti ya chini ili majirani wasisumbuke, maana kuta za vyumba vya wanafunzi ni nyembamba, na nikaona kwamba mabega yalikuwa yakilegea kabla ubeti wa kwanza haujaisha.

Nyimbo zilizonifundisha zaidi ni za wayaya. Katika kisiwa cha Kyushu, mkoani Kumamoto, kiko kijiji cha milimani kiitwacho Itsuki, na kutoka huko umetoka wimbo wa kubembeleza watoto unaojulikana Japani nzima, "Itsuki no Komoriuta". Walioutunga hawatajwi kwa majina, kwa kuwa walikuwa wasichana wadogo wa familia maskini, waliopelekwa kulea watoto wa watu wenye uwezo ili nyumbani kwao kupungue mdomo mmoja wa kulishwa. Msichana anaimba kwamba yupo hapo hadi sikukuu ya Bon tu, ile ya kuwakumbuka waliofariki. Baada ya Bon hatakuwepo, na Bon ikiwahi kufika, naye atawahi kurudi kwao. Anasema wao ni mafukara, wale wengine ndio watu wenye heri, wenye mishipi mizuri na kimono nzuri. Kisha anauliza, akifa, nani atamlilia? Anajijibu kwamba ni nyenze wa kwenye misonobari ya nyuma ya nyumba, halafu anajirekebisha: si nyenze, ni mdogo wake wa kike. Anaomba azikwe kando ya njia ili kila apitaye amtolee ua, na ua analolitaka ni la tsubaki, na maji yake yatoke mbinguni.

Nilipoyaelewa maneno hayo nilikaa nayo muda mrefu. Wimbo huu ni wa kumlaza mtoto, lakini mtoto hajui lolote kati ya yanayosemwa. Anasikia mwendo wa polepole wa mapigo matatu matatu na joto la mgongo aliofungwa. Anayezungumziwa ni mwimbaji mwenyewe. Yuko peke yake, ijapokuwa amembeba mtu, na anatumia kazi aliyopewa kuusema uchungu ambao asingeruhusiwa kuusema mbele ya waajiri wake. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini wimbo kama huu humfaa mtu aliye peke yake usiku kuliko wimbo uliotungwa kwa ajili ya kushangiliwa ukumbini. Ulizaliwa katika upweke, ukapimwa kwa pumzi ya mtu mmoja, na haukuwahi kumhitaji msikilizaji wa pili. Pwani yetu nako wapo wayaya wengi waliotoka mbali wakiwa wadogo, na baadhi ya bembelezi zetu zina malalamiko ndani yake. Sijapata kuisikia bembelezi yoyote, ya kwetu au ya kwao, iliyoyafikisha malalamiko hayo hadi kwenye kaburi la kando ya njia na bado ikamlaza mtoto.

Yaya yule yule anarudi katika wimbo mwingine, safari hii akitazamwa na mtoto aliyebebwa. "Akatombo", yaani kereng'ende mwekundu, ni shairi la Miki Rofu la mwaka 1921, lililotiwa muziki na Yamada Kosaku mwaka 1927. Mshairi alitengana na mama yake angali mdogo baada ya wazazi kuachana, na alitunzwa na yaya. Katika shairi anakumbuka kereng'ende aliowaona wakati wa machweo akiwa mgongoni; anakumbuka kuchuma forosadi katika shamba la mlimani na kuzitia kikapuni, kisha anajiuliza kama yale yalikuwa ndoto. Halafu unakuja mstari unaosema kwamba yaya aliolewa akiwa na miaka 15, na habari za kijijini zikakoma. Hakuna neno hata moja la kulia. Mstari wa mwisho unarudi kwenye sasa: kereng'ende mwekundu ametua kwenye ncha ya fito. Wimbo unakwisha hapo, na mimi naona ni ujasiri mkubwa wa mtunzi kuyaacha yote yaliyotajwa yakae bila maelezo. Mahadhi yake ni ya sauti tano nilizozieleza, kwa mwendo wa mapigo matatu matatu, na yanapanda juu sana mwanzoni kabla ya kushuka. Anayeuimba aanze na sauti ya chini, la sivyo kupanda huko kutamshinda.

Nyumba niliyopanga ilikuwa ya mjane mmoja mwenye umri mkubwa aliyeishi ghorofa ya chini, nami nilimwita bibi kwa lugha yao kama walivyomwita majirani wote. Yeye ndiye aliyenipa utaratibu. Alikuwa na desturi ya kuoga kwanza, akikaa ndani ya maji ya moto kama wafanyavyo Wajapani wengi jioni, kisha husikiliza wimbo mmoja kutoka kwenye mashine yake ya kaseti, na baada ya hapo huizima na kukaa kimya. Siku moja, tukiwa tunakunywa chai, alinieleza kwamba wimbo ukifuatwa na mwingine papo hapo, wa kwanza hupotea. Sikubishana naye, maana sikuwa na hoja, nikaanza kufuata alivyofanya. Simu niliiacha upande wa pili wa chumba, nikazima taa kubwa, nikaketi sakafuni badala ya kulala, kwa kuwa anayelala hushikwa na usingizi kabla wimbo haujamfikia. Niliupiga wimbo mmoja kwa sauti ndogo kiasi cha kulazimika kutulia ili niusikie. Kimya kilichofuata kilikuwa na manufaa kuliko wimbo wenyewe, kwa kuwa masikio yalikuwa tayari yamefunguka, na sauti za kawaida za nyumba, kama maji yanayopita kwenye mabomba au treni ya mbali, zilikoma kuniudhi.

Nilipopata nafasi ya kusafiri hadi Okinawa, kusini kabisa mwa Japani, nilikutana na wimbo ambao sasa naupenda kuliko yote. Okinawa ilikuwa sehemu ya ufalme wa Ryukyu, uliokuwa na lugha na muziki wake, na hadi leo sikio linatambua mara moja kwamba limevuka bahari. Ngazi yao ina do, mi, fa, so na ti, yaani imeziacha re na la na kuzishika zile mbili zilizoachwa kule kaskazini. Ala yao ni sanshin, yenye nyuzi tatu na mwili uliovikwa ngozi ya chatu, na mlio wake ni mkavu, mfupi, usioburuta. Wimbo ninaousema ni "Tinsagu nu Hana", wimbo wa jadi ambao mwaka 2012 mkoa wa Okinawa uliutangaza kuwa wimbo wa kupendwa wa wananchi wake. Ubeti wa kwanza unasema: maua ya tinsagu yatie rangi kwenye ncha za kucha, na maneno ya wazazi yatie rangi moyoni. Wasichana wa huko walikuwa wakiponda maua hayo na kuyafunga kwenye kucha ili zipate wekundu, sawasawa na wanavyofanya dada zetu kwa majani ya hina. Ubeti mwingine unasema kwamba chombo kinachosafiri usiku huitazama nyota ya kaskazini, na mzazi aliyenizaa hunitazama mimi.

Naomba msomaji autafakari ubeti huo, kwa kuwa tulizoea kuambiwa kwamba mtoto ndiye anayemtazama mzazi kama dira. Hapa mambo yamegeuzwa: mzazi ndiye baharia, mtoto ndiye nyota. Nikiwa mbali na nyumbani, nilipoimba maneno hayo peke yangu, niliacha kujihesabu kama mtu aliyepotea anayetafuta pa kushika. Kulikuwa na watu Mombasa ambao safari yao wenyewe iliniangalia mimi, na jambo hilo lilinitia utulivu ulioambatana na wajibu. Wimbo wa kutuliza si lazima umwondolee mtu mizigo yake. Huu uliniwekea mzigo mmoja sawasawa begani, nikaweza kulala nao.

Habari ya Mombasa inanikumbusha jambo la furaha. Katika jumba la mikutano la mtaa wetu pale Hachioji, kikundi cha wazee kilikuwa kikikutana kujifunza taishogoto, ala iliyobuniwa Nagoya mwaka 1912 na Morita Goro, ambaye aliweka juu ya nyuzi vibonyezo vya mfano wa taipureta. Mkono mmoja hubonyeza, mwingine hupiga nyuzi. Wazee wale walikuwa wakipiga nyimbo za utotoni mwao, "Akatombo" ikiwa mojawapo, na mlio ulikuwa mwembamba, wa kutetemeka, wenye kitu nilichokijua bila kuweza kukitaja. Nilirekodi kipande kifupi nikamtumia shangazi yangu. Alijibu kwa sauti, bila hata kungoja salamu zangu: "Mwanangu, hiyo si taishokoto? Hiyo ni ya taarabu yetu, huko imefikaje?" Nikamwambia, "Shangazi, huku ndiko ilikozaliwa." Alicheka sana, kisha akaanza kunitajia harusi ambazo ala hiyo ilipigwa na watu waliocheza. Ni kweli kwamba ala hiyo ilisafiri kutoka Japani hadi India, na kwa njia ya Bahari ya Hindi ikafika kwetu, na katika taarabu ya Mombasa yenye mwendo wa chakacha, hasa ya Zuhura Swaleh na kundi lake, inasikika wazi ikiongoza. Kwetu inakwenda mbio na kuchangamsha. Kwao, mikononi mwa wazee wale, ilikwenda polepole. Baada ya siku hiyo nilikuwa nikimtumia shangazi nyimbo mara kwa mara, naye alinipa maoni yake bila kuficha. Wa Itsuki aliukataa kabisa usiku; alisema mtoto aliyelazwa kwa maneno hayo ataota mabaya.

Kati ya nyimbo za mjini, mmoja tu ndio niliouweka katika jioni zangu, nao ni "Ue o Muite Aruko" wa Sakamoto Kyu, ambao nje ya Japani wengi wanaujua kwa jina la "Sukiyaki". Ulitolewa mwaka 1961, maneno yakiwa ya Ei Rokusuke na muziki wa Nakamura Hachidai, na mwaka 1963 ulishika nafasi ya kwanza nchini Marekani kwa majuma matatu, ukiwa umeimbwa kwa Kijapani kitupu. Mtu anatembea usiku peke yake huku ameinua uso juu ili machozi yasidondoke, akikumbuka siku za masika, za kiangazi na za vuli. Mdundo ni mwepesi, karibu wa kuchezeka, na mahali ambapo mtunzi mwingine angeweka ubeti wa kulia, Sakamoto anapiga mluzi. Mluzi huo ndio ninaoungoja kila mara. Mtu mwenye machozi hawezi kupiga mluzi vizuri, kwa hiyo ukisikika safi unajua kwamba mwenye wimbo amejikaza, na wewe unajikaza naye. Sakamoto alifariki tarehe 12 Agosti 1985, akiwa na umri wa miaka 43, katika ajali ya ndege ya Japan Airlines iliyoua watu 520. Kwa Wajapani wa rika la mama mwenye nyumba wangu, wimbo huo na habari hiyo havitengani tena. Wimbo huu niliuimba nikitembea, wala si chumbani, katika njia ya kando ya mto Asakawa unaopita mjini humo.

Ziko nyimbo nzuri ambazo sikuzitumia kwa mapumziko, na nadhani ni haki kueleza sababu. "Furusato", wimbo wa shule wa mwaka 1914, unamkumbusha mtu mlima alikowinda sungura na mto alikovua samaki wadogo, unauliza habari za wazazi na marafiki, kisha unaahidi kwamba siku moja, kusudi likishatimia, atarejea kwao. Kwa mwanafunzi aliye ughaibuni, ahadi hiyo inageuka kuwa deni, na usiku si wakati wa kuhesabu madeni. Niliuweka kwa ajili ya asubuhi za Jumapili. Nyimbo za enka nazo, zenye sauti za kuviringika na hadithi za bandari, pombe na mapenzi yaliyovunjika, ni sanaa kubwa, ila zinaingia mwilini kwa nguvu mno kwa mtu anayetafuta kulegea. Namtoa Misora Hibari na wimbo wake "Kawa no Nagare no Yo ni", uliotolewa Januari 1989, miezi michache kabla ya kifo chake mwezi Juni mwaka huo huo akiwa na umri wa miaka 52. Humo aliyekuwa malkia wa enka anaimba taratibu kuhusu maisha yanayopita kama mkondo wa mto, na sauti yake haionyeshi hata kidogo ugonjwa aliokuwa nao.

Ama zile kanda za saa nyingi zinazojaa mtandaoni, zenye mlio wa koto, maji yanayotiririka na picha ya bustani, mimi hazinipumzishi. Nyingi hazimtaji mtunzi wala mpigaji, hazina mwanzo wala mwisho, na kisichokuwa na mwisho hakiwezi kukuachia kimya kile nilichokisifu. Anayependa muziki usio na maneno atafute kazi za Yoshimura Hiroshi, aliyeandika vipande vifupi vya kinanda huku akitazama mandhari ya dirishani, na kuvitoa mwaka 1982 baada ya kupigwa katika jumba la sanaa la Hara, Tokyo. Huyo ni mtunzi aliyefikiria hata sauti za kuwaarifu abiria katika reli ya chini ya ardhi ya jiji hilo, ili maelfu ya watu wachovu wasishtuliwe na kengele kali. Vipande vyake vina mipaka, na noti zake huja bila haraka.

Sasa niko Mombasa, ambako ukimya ni haba na jioni zina adhana, pikipiki na redio za majirani, nami bado nauimba wimbo mmoja baada ya kuoga. Kwa anayetaka kuanza, ningemshauri atafute rekodi za sauti moja na ala moja: "Tinsagu nu Hana" kwa sanshin peke yake, "Akatombo" kwa piano, na wimbo wa Itsuki bila ala yoyote kama ulivyokuwa ukiimbwa na wenyewe. Rekodi za kwaya kubwa na okestra zipo kwa wingi, na nyingine ni nzuri mno, lakini zinafaa zaidi mchana, kwa sababu humweka msikilizaji katikati ya umati, na nyimbo hizi mahali pake ni kwa mtu mmoja. Shangazi naye ameshajifunza beti mbili za "Tinsagu nu Hana", na anashikilia kwamba zingependeza zaidi kama zingepigiwa taishokoto.